Mwanafunzi Aliyeitwa Darasa

Kompyuta ya Shule ya Msingi Nyamhuge ilifika siku ya Jumanne, kabla ya umeme, kabla ya choo cha walimu, na kabla ya madawati ambayo kamati ya shule ilikuwa ikiyaomba tangu enzi za mwalimu mkuu aliyetangulia. Ilishushwa kutoka kwenye Land Rover nyeupe, ndani ya boksi lililoandikwa pande zote kwamba lisilazwe ubavu, na wazazi waliokuwa wakipita na mikokoteni ya mawe wakasaidia kulilaza ubavu ili lipite mlangoni. Iliwekwa katika darasa la kwanza kwa sababu ndilo pekee lililokuwa na mlango. Watoto walikuwa wamekaa sakafuni, juu ya matofali waliyokuja nayo kutoka nyumbani, na wakaambiwa wasogee nyuma ili kifaa kipate hewa.

Kifaa kilipata meza. Kilipata pia kitambaa cha kukifunika, nondo za dirishani na kufuli lenye funguo mbili. Juu ya paa kilifungiwa paneli ya jua na sahani kubwa nyeupe iliyotazama angani, ambayo kila jioni ingetuma matokeo ya masomo kwa mtandao hadi makao makuu ya mradi, ng'ambo, na kupokea majibu usiku huohuo. Hapakuwa na mtu kijijini aliyewahi kupata jibu kutoka makao makuu yoyote, na watu wakaiheshimu sahani ile. Mwalimu Pantaleo, aliyefundisha darasa hilo peke yake, aliitazama kwa muda, kisha akaendelea kufuta ubao kwa kiganja cha mkono.

Huo ulikuwa mwaka uliofuata mvua za Elinino. Mradi uliitwa Sauti Kwanza, na mfadhili wake alikuwa kampuni moja ya utafiti wa dhahabu iliyokuwa imezungushia uzio mashimo waliyokuwa wakichimba wenyeji, na kwa hiyo ilikuwa na hamu kubwa ya kuwafanyia wenyeji jambo zuri. Mratibu alikuwa Bwana Gregory, kijana mwenye adabu aliyekwenda nje miezi mitatu kusomea namna watoto wanavyojifunza kusoma, akarudi akiwa amesahau namna yeye mwenyewe alivyojifunza.

"Mwalimu, hapa hakuna tena ba-be-bi-bo-bu," alisema. "Hayo mambo yamepitwa na wakati. Mtoto anajifunza sauti mojamoja. Kompyuta inatoa sauti, mtoto anairudia kwenye kipaza, akipatia anapewa nyota."

"Watoto wangu wanapita tisini," alisema Pantaleo.

"Programu haina shida na idadi. Kila mtoto anakaa na mashine yake."

"Mashine ni moja."

"Kwa awamu hii," alisema Gregory, akaandika kitu.

Betri ilidumu chini ya kipindi kimoja. Pantaleo alipiga hesabu akaona kwamba mtoto wa mwisho angefikiwa na zamu yake akiwa na ndevu. Basi alifanya kile ambacho walimu wa darasa la kwanza wamekuwa wakifanya siku zote upande huu: mwalimu anauliza, darasa zima linaitikia. Katika shule ile hakuna mtoto aliyejibu peke yake. Anayejibu peke yake huonekana anawatangulia wenzake kwa makusudi, na wakati wa mapumziko huulizwa kama kwao wana gari. Pantaleo alichomoa hedifoni, akazitundika kwenye msumari, akafungulia spika hadi mwisho.

Mashine ilitaka kwanza jina la mwanafunzi. Ilikuwa na nafasi ya mwanafunzi mmoja na ilitaka majina mawili, kwa hiyo Pantaleo aliandika Darasa, halafu akaandika Kwanza. Iliuliza umri, akajaza miaka saba. Upande wa jinsia ilikuwa imeshajaza yenyewe kwamba ni mvulana, na haikuonekana kutaka mjadala. Ilisema, "Karibu, Darasa," na watoto wote wakajibu, "Asante."

Programu ilikuwa imetafsiriwa na mtu aliyejifunza Kiswahili likizoni. Kwa sauti ya p kulikuwa na picha ya pengwini, ambaye watoto walimdhania kuwa aina ya bata. Kwa sauti ya th kulikuwa na theluji imefunika nyumba na miti, na darasa zima lilifurahi kuona sehemu ambako pamba imekubali namna ile. Waliitikia kwa nguvu zao zote. Kompyuta ilitoa nyota, ikasema, "Hongera, Darasa, unaendelea vizuri."

Katika safu ya matofali ya mbele alikaa Limi, binti wa Eufrasia, na Limi alikuwa akijua kusoma kabla ya kompyuta. Bibi yake aliyeishi Didia, aliyefundishwa na masista zamani, alimfundisha kwa kuchora herufi kwa kidole kwenye unga uliobaki juu ya ungo, na kila neno lililosomwa sawasawa lilifutwa na kupikwa. Eufrasia mwenyewe hakujua kusoma. Alipokuwa na umri wa Limi, nafasi ya kwenda shule nyumbani kwao ilikuwa moja, akapewa kaka yake, ambaye aliitumia kujifunza kutia sahihi.

Eufrasia alikuwa mponda mawe. Kutwa alikaa mwaloni, mahali ambapo mawe ya dhahabu huletwa kupondwa na kuoshwa, akiponda kwa nyundo mawe ya watu wengine. Jioni alipita dukani kwa Mzee Badrudin kununua sukari. Badrudin alifunga sukari kwa kurasa za magazeti ya zamani, na nyumbani, kabla chai haijachemka, Limi alikung'uta karatasi na kumsomea mama yake yote yaliyokuwamo: bei za kahawa za mwaka juzi, matokeo ya mpira, vifo, na hadithi ya mfululizo kuhusu mwanamke wa Tanga aliyeolewa na mwongo. Badrudin aligundua kwa nini mteja huyu alinunua sukari kidogokidogo kila siku badala ya kununua ya wiki. Akaanza kumwekea kurasa kwa mpangilio.

"Leo usimwache mtoto alale mapema, Mama Limi," alimwambia siku moja akipima sukari. "Yule mwongo anakamatwa. Lakini mimi sijakuambia kitu."

Hicho ndicho alichokuwa nacho Eufrasia. Hakuwa na shamba, na mume wake alikuwa ameingia shimoni upande wa Rwamgasa siku moja na kutoka kupitia shimo la wilaya nyingine, ambako alikuwa na familia. Alitaka jambo moja tu: Limi asome, asiponde. Alilitaka kiasi kwamba mkono ulipomuuma aliutazama mkono ule kama ada ya shule.

Mwishoni mwa muhula, Jumatatu moja asubuhi, Mwalimu Pantaleo alifungua kufuli akakuta mvulana amekaa mbele ya kompyuta. Alikuwa na masikio ya Mageni, mtoto wa fundi baiskeli, na paji la uso la mapacha wa mwenyekiti wa kijiji. Kwenye meno ya mbele alikuwa na pengo la Limi. Sare yake ilikuwa mpya, na alivaa viatu na soksi, jambo lililoonyesha mara moja kwamba hakuwa wa pale.

"Shikamoo, mwalimu," alisema mvulana. Sauti yake ilikuwa ya watoto zaidi ya tisini wakisema pamoja, lakini kwa upole.

"Marahaba. Unaitwa nani?"

"Darasa Kwanza."

Pantaleo alitafuta tofali la ziada, halikuwapo. Akamkalisha juu ya boksi la kompyuta na kuendelea na somo.

Hakuna aliyeshangaa. Katika ukanda wa dhahabu watu hutokea tu. Unaamka asubuhi unakuta jirani amesimamisha kibanda cha maturubai na watoto wanne, na ni utovu wa adabu kumwuliza alikotoka, maana huenda anamkimbia mke. Mtendaji wa kijiji alikuja kuuliza nani atamlipia mvulana mchango wa madawati. Ilipojulikana hana wazazi, kikao kiliamua ale kwa zamu katika nyumba za wanafunzi wenzake. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na siku ya tatu nyumba iliyokuwa na zamu ikampa. Darasa alilishika jembe kwa mikono miwili, akasoma maandishi ya kiwandani yaliyogongwa karibu na mpini, akalirudisha kwa heshima. Kulima hakukuwamo kwenye programu.

Alisoma kila kitu. Alisoma kanga za akina mama, mifuko ya saruji, mabati, na onyo lililobandikwa kwenye uzio wa kampuni, ambalo watu walikuwa wamelizoea kama picha. Alipozungumza alikuwa na sauti ya wote, lakini alipokuwa akisoma sauti ilibadilika njiani, kwa sababu kila sauti aliitoa kama alivyoipokea. Neno liliweza kuanza na Mageni na kuishia kwa mapacha. Sentensi ndefu zilizo ngumu alizisoma zote kwa sauti ya Limi.

Wenzake, kwa upande wao, walianza kupungukiwa. Haikuonekana haraka. Wengi walikuwa na herufi chache tu, wengine hawakuwa nazo kabisa, na kwao hakukuwa na kitu cha kupotea. Haba na haba hujaza kibaba, lakini methali hiyo haisemi kibaba ni cha nani.

Nyumbani kwa Eufrasia ilianza na ukurasa wa michezo. Limi alisoma mistari miwili, akasita.

"Hapa pamenyamaza, mama," alisema, akaweka kidole.

"Pamechafuka?"

"Hapana. Herufi zipo, hazisemi."

Aliruka pale, akaendelea. Kesho yake palikuwa pamenyamaza sehemu nyingi zaidi, na hadithi ya mwanamke wa Tanga ikawa na matundu, kiasi kwamba mwongo aliachiwa na mahakama bila wao kujua sababu. Kabla wiki haijaisha, ukurasa mzima ulikuwa kimya. Limi aliugeuza upande wa pili, ukawa vilevile. Akauweka chini, akauliza kama chai imeiva.

Eufrasia alimpeleka kwa Badrudin, ambaye ndiye aliyekuwa na miwani peke yake katika kijiji kile. Mzee alimvisha. Limi akatazama gazeti na kusema kwamba herufi sasa ni kubwa, na ziko kimya.

"Huyu hana ugonjwa wa macho, Mama Limi," alisema Badrudin akiifuta miwani yake. "Yule mgeni wa shuleni alipita hapa jana. Amenisomea magunia yote, chumvi, sukari, mpaka tarehe za kuharibika. Kwa sauti ya huyu huyu. Mimi nilidhani umemtuma wewe."

Eufrasia hakulala vizuri, na asubuhi hakwenda mwaloni. Alikwenda shuleni na nguo zake za kazi, vumbi la mawe likiwa bado kwenye nyusi. Alimkuta Pantaleo darasani wakati wa mapumziko, akiwa na Gregory, aliyekuja kwa ukaguzi wake wa mwezi na alikuwa na furaha, kwa sababu mchoro wa matokeo ulikuwa umepanda mpaka ukagonga ukingo wa juu wa karatasi.

"Mwalimu," alisema Eufrasia, "sauti za mtoto wangu ziko wapi?"

Gregory ndiye aliyejibu, kwa upole aliofundishwa.

"Mama, hilo linafahamika. Kitaalamu tunaita mkusanyo. Badala ya kuwa na watoto tisini wanaojua kidogokidogo, sasa mna mmoja anayejua zote. Makao makuu wamefurahi mno."

"Wangu alikuwa anajua zote kabla hamjaja."

"Basi mchango wake umekuwa mkubwa," alisema Gregory. "Mradi unashukuru."

Kuna shukrani zinazouma kuliko tusi. Eufrasia akasema zirudishwe. Gregory akaeleza kwamba kitufe cha kurudisha hakikuwapo. Kitufe kilichokuwapo kilikuwa cha kumfuta mwanafunzi. Ukimfuta, huenda sauti zikarudi kwa wenyewe, huenda zisirudi, mwongozo haukugusia, kwa kuwa hakuna shule iliyowahi kufaulu kiasi cha kulazimika kuuliza. Akaongeza kwamba mwanafunzi akifutwa mradi utahama, na madawati yaliyoahidiwa shule katika awamu ya pili yatahama nao. Kisha akaenda kwenye Land Rover kula mkate wake.

Walipobaki wawili, Pantaleo alifunga mlango.

"Nimeshajaribu, Mama Limi," alisema. "Wiki iliyopita nilikaa hapa, kidole juu ya kitufe. Akaingia akanisalimia. Unamfutaje mtoto aliyekuamkia?" Alijifuta mikono kwenye suruali, ikabaki na chaki. "Lakini wa kwako ndiye aliyekuwa na nyingi. Ukisema nifute, kesho asubuhi nafuta. Kazi wakitaka wachukue."

Jioni hiyo zamu ya kumlisha Darasa ilikuwa ya nyumba ya Eufrasia. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Mvulana alibisha hodi, akavua viatu, akaweka soksi ndani ya viatu, akakaa mkekani karibu na Limi. Wakikaa hivyo waliweza kudhaniwa ni ndugu, hasa wakicheka.

"Mwanangu," alisema Eufrasia, "rudisha za mwenzio."

"Ndiyo, mama," alisema Darasa kwa sauti ya wote. Akainama akaweka mdomo kwenye sikio la Limi, akazitoa. Limi alisikiliza kwa makini, kisha akasema hizo siyo zake, hizo ni za Mageni, na zina mafua. Darasa akajaribu tena, zikatoka za mapacha, mbilimbili. Akajaribu mpaka jasho likamtoka.

"Zimechanganyika," alisema mwishowe. "Ni kama unga mashineni mtu akichelewa kukinga gunia lake."

Eufrasia alisonga ugali. Alisonga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na mvulana akamtazama mgongoni.

"Mama, mwalimu anaweza kunifuta," alisema. "Nilimwona siku ile. Sijui kama inauma. Hatujafika somo hilo."

Hakuomba chochote. Alichukua karatasi ya sukari iliyokuwa karibu na jiko, akainyoosha juu ya goti, akasoma. Ilikuwa ile sehemu ambayo Eufrasia aliikosa, sababu ya mwongo kuachiwa na mahakama: hakimu alikuwa mwongo pia. Aliisoma yote kwa sauti ya Limi, pamoja na kile kikohozi kidogo ambacho Limi hukohoa kabla ya neno refu. Limi mwenyewe alisikiliza kidevu kikiwa kwenye magoti, akacheka palipochekesha. Eufrasia aliacha mwiko ndani ya sufuria. Aliwatazama wote wawili na mapengo yao, yanayofanana, na alilijua pengo lile vizuri, kwa maana jino lililotoka pale alilitupa mwenyewe juu ya paa kama desturi ilivyo, akiomba liote zuri zaidi. Alipakua ugali, akamwekea mvulana dagaa wengi kuliko aliomwekea bintiye, kisha akajikasirikia, akawaongezea wote wawili.

Asubuhi alipita shuleni kabla ya kengele.

"Mwache," alimwambia Pantaleo.

"Una hakika, Mama Limi?"

"Sina hakika. Nimesema mwache."

Akaenda mwaloni, akaponda mawe siku ile mpaka wenzake wakamwuliza kama jiwe limemtukana.

Wageni walikuja mwezi uliofuata. Ndege yao ndogo ilitua Ibadakuli, kwa kuwa mfadhili alikuwa na shughuli nyingine mjini Shinyanga, na kutoka huko walipigwa vumbi kwa magari mpaka Nyamhuge, wakafika wakiwa wekundu na wenye furaha. Watoto wa darasa la kwanza walivalishwa fulana zenye jina la mradi, za kurudishwa saa nane, wakapangwa juani kuimba wimbo wa kushukuru ambao mistari yake walifundishwa kwa kukariri. Darasa Kwanza alisimama mbele akasoma hotuba ya kukaribisha. Halafu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache, akasoma chupa za maji za wageni, namba za magari, na maandishi madogo ya ndani ya kofia ya mgeni rasmi. Mgeni rasmi, mama mtu mzima mwenye moyo mwema kabisa, alitokwa na machozi.

Akauliza, kupitia mkalimani, kama watoto hawa wengine nao wanasoma namna hii. Lilikuwa swali zuri, pengine ndilo swali pekee lililoulizwa siku ile. Gregory alifungua karatasi yake. Wanafunzi walioandikishwa kwenye programu: mmoja. Wanafunzi wanaosoma kwa ufasaha: mmoja. Asilimia mia. Mgeni rasmi aliomba itamkwe tena, ikatamkwa, na wazazi wakapiga makofi kwa sababu walioketi mbele walipiga.

Eufrasia alikuwa amesimama nyuma, chini ya ukingo wa paa. Alinyoosha mkono aseme. Mwenyekiti wa kijiji akauona, akamshukuru kwa kuitikia, akatangaza soda.

Iliamuliwa palepale kwamba mtoto kama huyo asikae porini. Angesafiri na mradi, angesoma mbele ya watu wakubwa, angekuwa mfano. Darasa aliulizwa kama anakubali, akajibu ndiyo kwa sauti ya watoto wote, na hilo lilichukuliwa kuwa ridhaa ya watoto wote. Aliingia kwenye gari akiwa na viatu vyake mkononi, maana alikuwa ameanza kuzoea kutembea bila viatu. Aliaga kupitia dirishani. Watoto walijisikia wenyewe wakiaga, wakaitikia, kisha wakapelekwa kuvua fulana.

Baada ya hapo mambo ya shule yalinyooka. Kompyuta ilihamishiwa kijiji kingine chenye matatizo, kwa kuwa Nyamhuge ilikuwa haina tena. Ofisi ya elimu ilifuta ombi la mwalimu wa pili, ikasimamisha na mgao wa chaki wa darasa la kwanza, kwa hoja kwamba watoto waliokwisha kujua kusoma wataichezea. Madawati ya awamu ya pili yalitengenezwa, yakapigwa picha, yakapelekwa kwenye awamu ya pili, ambayo ilikuwa wilaya nyingine. Pantaleo alirudia ba-be-bi-bo-bu kwa mkaa ukutani. Watoto waliitikia vizuri kama zamani, kwa nguvu na kwa pamoja. Lakini kila alipowaonyesha herufi kwa fimbo bila kuitamka yeye kwanza, waliitazama kwa heshima, kama mtu anavyomtazama mgeni asiyejua lugha yake, wakasubiri. Desemba wote walipandishwa darasa la pili kwa ufaulu wa juu.

Limi alianza kumsaidia mama yake mwaloni, mwanzo baada ya shule, halafu kabla ya shule, halafu siku ambazo shule yenyewe haikuonekana kuwa na haraka naye. Eufrasia alimtafutia nyundo ndogo. Alimwonyesha namna ya kushika jiwe ili vidole vibaki.

Wiki ya Elimu ilipofika, fundi baiskeli alileta redio mwaloni akaitundika kwenye nguzo. Mtangazaji alisema kwamba mbele ya viongozi na wafadhili sasa atasimama mwanafunzi bora wa mradi wa Sauti Kwanza, kutoka vijiji vya machimbo, na jina lake ni Darasa Kwanza. Nyundo zikapungua. Waliokuwa wakiosha mchanga waliacha mikono ndani ya maji. Wazazi wengi walikuwapo pale, na kila mmoja aliinamisha sikio upande wa nguzo kusubiri wa kwake.

Darasa alisoma salamu kwa waheshimiwa. Mama Mageni alimsikia Mageni kwenye neno "mheshimiwa", akajifuta uso kwa kanga na kusema kwamba yale mafua sasa yamepona. Mke wa mwenyekiti alisikia mapacha, wa kwanza na wa pili. Mtu mmoja alilalamika kwamba wa kwake amepewa nafasi kwenye "na" tu, akaambiwa ashukuru. Kisha hotuba ikafika kwenye sentensi yake ndefu, ile ngumu, na kikasikika kikohozi kidogo.

"Nyamazeni," alisema Eufrasia. "Mwanangu anasoma."

Wakanyamaza wote. Limi naye aliacha nyundo juu ya goti, akasikiliza. Sauti yake ilisema, wazi na bila kukwama popote, kwamba kwa niaba ya wenzake wote anawashukuru wafadhili, na kwamba leo hii katika kijiji chao hakuna tena mtoto hata mmoja asiyejua kusoma. Makofi yalikuwa marefu, yakaanza kukwaruza kwenye spika, na fundi baiskeli akapunguza sauti ili betri zisiishe.

"Umesoma vizuri," Eufrasia alimwambia bintiye.

"Asante, mama," alisema Limi, akachukua jiwe jingine.